Ukoo wa Bibi Somoe, Mikindani

JUMANNE

Mwajuma: Asalaam aleykum wana ukoo. TV ya Bibi imekufa.

Mwajuma: Umeme ulikatika magharibi, uliporudi ukaja kwa kishindo. TV ikasema pwaa, kisha harufu ya kuungua. King'amuzi kimepona, taa yake inawaka.

Mama Zuhura: Waaleykum salaam. Jamani! Mama mwenyewe hajambo?

Mwajuma: Hajambo ila amenuna. Taarifa ya habari ya saa 2 imempita.

Issa: Poleni. Na Jumamosi ni Simba na Yanga 😭

Mama Zuhura: Wewe na mpira wako. Bibi yako kaponea chupuchupu.

Mjomba Hamisi: Msihangaike. Nina kioo cha kompyuta kimebaki tangu nifunge ile steshenari. Inchi 22. Kesho nampelekea mama.

Issa: Shikamoo mjomba. Kioo peke yake, bila kompyuta?

Mjomba Hamisi: Marahaba. Kioo ni kioo.

JUMATANO

Mjomba Hamisi: [picha]

Mjomba Hamisi: Nimekigeuza huku na huku, sioni pa kufungia waya wa dishi. Kuna tundu la bluu lenye vishimo vidogo na jingine jeupe, pana zaidi. Waya wa dishi kama unataka kuingia kwenye la bluu ila unacheza.

Zuhura: Mjomba SIMAMA HAPO HAPO

Zuhura: Shikamoo kwanza 😅

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Nimesimama.

Zuhura: Monita haina tyuna, yaani kile kidude cha ndani ya TV kinachokamata matangazo na kuchagua chaneli. Ndiyo maana hakuna tundu la dishi. Dishi libaki kwenye king'amuzi kama kawaida, halafu king'amuzi ndicho kiende kwenye monita.

Mama Zuhura: Kwani ile TV ya chogo ya mama si ilikuwa nayo hiyo tyuna?

Zuhura: Lilikuwa nayo mama, lakini ya analojia. Dar walizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, huko kwetu ikafuata baadaye. Tangu hapo tyuna ya chogo imekaa bure. Kazi yote inafanya king'amuzi, TV inaonyesha tu inacholetewa.

Issa: Kumbe miaka yote hiyo Bibi alikuwa anaangalia monita yenye kichogo

Zuhura: Yenye kichogo na spika. Hizo spika mtazikumbuka, ngojeni.

Zuhura: Mjomba, piga picha nyuma ya king'amuzi. Na ile karatasi ndogo iliyogandishwa nyuma ya monita, ionekane namba yake.

Mjomba Hamisi: [picha] [picha]

Zuhura: Safi. King'amuzi kina HDMI, hilo tundu bapa lililojaa vumbi. Halijawahi kutumika hata siku moja! Bibi alikuwa anapata picha kwa waya wa njano, ule wa rangi tatu. Waya wa njano haupitishi HD, yaani picha kali, hata ufanyeje. Picha inafika kwenye king'amuzi ikiwa safi, halafu inabanwa hapo mlangoni.

Mjomba Hamisi: Na hela ya kifurushi tunalipa kila mwezi 🙄

Zuhura: Sasa monita. La bluu ni VGA, la zamani. Jeupe ni DVI. Tutumie jeupe, maana DVI na HDMI ni ndugu, picha yao ni ileile ya kidijitali, waya tu unatosha kuziunganisha. Nimeangalia namba ya monita, inaelewa HDCP pia. Hiyo ni kama kufuli, king'amuzi kinauliza kwanza "wewe unanijua?" Monita isiyojua, chaneli nyingine zinaweza kukataa kuonekana.

Zuhura: Waya unaitwa HDMI kwenda DVI. Nitautafuta huku leo jioni, nautuma na basi.

Mjomba Hamisi: Basi la nini? Mtwara mjini hakuna nyaya? Naenda sasa hivi.

Mama Zuhura: Kaka, msubiri mtoto.

Mwajuma: Ameshapanda bajaji.

Mjomba Hamisi: Nimepata. HDMI upande mmoja, upande mwingine bluu. 12,000. Fundi amesema unafanya kazi kabisa.

Zuhura: Mjomba una kiboksi katikati, au ni waya mtupu?

Mjomba Hamisi: Mtupu. Mzuri, mnene.

Zuhura: 🤦🏾‍♀️

Mjomba Hamisi: Kimeandika "No Signal".

Zuhura: Kitaendelea kuandika hivyo hivyo. HDMI inaongea kidijitali, VGA inaongea analojia. Bila kidude cha kutafsiri katikati ni kama umemkalisha Mmakonde asiyejua Kichina na Mchina asiyejua Kimakonde, ukawapa kamba kila mtu ashike ncha yake.

Issa: Wavute kamba tu 😂

Zuhura: Urudishe dukani.

Mjomba Hamisi: Nimerudi nao. Wanasema mali ikishatoka haipokelewi.

ALHAMISI

Zuhura: Waya nimepata. Nimeuweka na TV gadi kwenye mfuko mmoja, umeondoka na basi la alfajiri. Mfuko mweusi, jina la mjomba.

Mama Zuhura: Ahsante mwanangu. TV gadi ndiyo nini tena?

Zuhura: Inakaa kati ya soketi na vyombo, kama ile ya friji. Umeme ukirudi na wazimu, inaukatia njia. Tungekuwa nayo Jumanne tusingekuwa hapa.

IJUMAA

Mjomba Hamisi: Mzigo umefika. Ila gadi yako mbovu. Nimechomeka, hakiwaki kitu.

Zuhura: Haijafa. Inasubiri ione umeme umetulia. Hesabu dakika chache.

Mjomba Hamisi: Imewaka.

Mjomba Hamisi: Waya umeingia. Kioo kimewaka kidogo, kikaandika "Out of Range", kikawa cheusi.

Zuhura: Hapo pazuri!

Mjomba Hamisi: Pazuri wapi, mama ananiangalia.

Zuhura: Ni pazuri kwa sababu vimeshasikiana. King'amuzi kinatoa picha ya ukubwa wa 1080i kwa Hz 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, na monita nyingi za kompyuta hazipendi 50, zimezoea 60. Nenda mipangilio, weka ukubwa mdogo zaidi, 720p, na uchague ya 60. Ukiona 720p mbili usichukue ya 50.

Mjomba Hamisi: Naenda mipangilio gani na kioo ni cheusi??

Zuhura: 🙈 kweli. Chukua king'amuzi na waya wa HDMI wa kuazima, nenda kwa jirani mwenye TV bapa, badilisha huko, urudi nacho.

Issa: Mjomba bonyeza kwa kukisia. Menyu, chini mara 3, OK

Zuhura: ISSA

Mwajuma: Ameshabonyeza.

Mwajuma: Tumekwenda kwa jirani. Menyu nzima imegeuka Kireno.

Issa: Mimi sipo kwenye kikundi hiki

Mwajuma: Bahati nzuri baba mkwe wa jirani alikaa Mueda, Msumbiji, miaka mingi. Amevaa miwani, anamsomea baba neno moja moja. Wanakunywa na chai kabisa. Nusu saa sasa.

Mjomba Hamisi: Mzee ameniambia "resolução". Nimeweka 720p, 60. Kiswahili nimekirudisha. Tunarudi nyumbani.

Mjomba Hamisi: [video]

Mama Zuhura: MASHALLAH

Issa: Eeh! Mbona hivyo! Nyasi zinahesabika

Zuhura: Ndiyo hiyo HD. Chogo lilikuwa linamnyima Bibi.

Mjomba Hamisi: Ila wametulia kama maiti. Hakuna sauti.

Zuhura: Niliwaambia mtazikumbuka spika. DVI hubeba picha tu, na hiyo monita hata spika haina. Ule waya wa rangi tatu upo bado?

Mwajuma: Upo.

Zuhura: Nyekundu na nyeupe zichomeke nyuma ya king'amuzi, ncha za pili kwenye redio ya kaseti ya Bibi, kule palipoandikwa AUX. Njano iache inaning'inia, haina kazi tena.

Mwajuma: Redio iko kabatini, waya haufiki mezani.

Zuhura: Sogezeni kabati?

Mwajuma: Bibi amekataa kabati lisiguswe. Tumesogeza king'amuzi badala yake, kipo juu ya kigoda katikati ya chumba.

Mwajuma: Sauti imetoka!!!

Mwajuma: Bibi ananiambia niandike hivi: "Zuhura mjukuu wangu, Mungu akuzidishie. Lakini kwa nini msomaji wa habari yuko mbele yangu na sauti yake inanitokea mgongoni? Nimegeuka mara mbili kuitika. Na huyu binti nilikuwa namwona mzuri siku zote, kumbe poda anaishia kidevuni, shingo ameiacha. Mwambieni. Na mwambieni mume wangu Issa nikimpata nitampa Kireno."

Issa: Shikamoo Bibi mke wangu 🙏🏾 nisamehe

Zuhura: Shikamoo Bibi 😂😂 tutapata waya mrefu, redio tutaihamishia mbele.

Mama Zuhura: Watu mbona wamerefuka? Au macho yangu?

Zuhura: Si macho mama. Monita hiyo ni 16 kwa 10, matangazo ni 16 kwa 9, kwa hiyo inawavuta juu kidogo ijaze kioo. Kwenye vitufe vya monita chini kuna menyu, tafuteni "Aspect". Wakibaki na mstari mweusi juu na chini ndipo wako sawa.

Mwajuma: Tumeuona. Bibi anasema tuache hivyo hivyo, mistari myeusi inampa kizunguzungu, na wachezaji warefu ndio wazuri.

JUMAMOSI

Issa: Nipo Mnazi Mmoja hii ya Lindi nasubiri gari. Mniwekee nafasi kwenye mkeka

Mwajuma: Mkeka umejaa tangu saa 8. Watoto wa mtaa mzima wapo, na yule mzee wa Mueda kaletwa kiti chake.

Mama Zuhura: Mzee amestahili.

Zuhura: Mjomba, nauli ya mfuko wangu italipwa kwa ming'oko. Basi la kesho.

Mjomba Hamisi: Ming'oko iko jikoni inachemka, nimeshakutengea. Nimefunga mfuko vizuri kabisa kwa ule waya wa 12,000.