Metfomini, mlo wa kubana au sindano mpya? Tulinganishe kwa tafiti zenyewe

BintiPangani
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 57. Mwezi uliopita alikuwa analalamika kiu, usiku anaamka kwenda chooni mara nne mara tano, tukampeleka kupima, sukari ya asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni ikasoma 12.8 na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kikaja asilimia 9.1. Kapewa metfomini, kidonge cha kisukari, asubuhi na jioni, vidonge anavifunga kwenye pindo la kanga kama hela ya sokoni ili asisahau. Sasa nyumbani hakukaliki. Kaka anasema dawa ukianza huachi, bora mama afanye ule mlo wa Scotland uliowatoa watu kwenye dawa, dada yuko Muscat anataka kutuma sindano za semaglutaidi, hizo mpya za kisukari zinazokata hamu ya kula, na mimi ndiye ninayekaa na mama. Nimesoma usiku nne mfululizo, naweka nilichoelewa, mnirekebishe jamani maana sitaki kumfanyia mama majaribio.

Metfomini: ushahidi mkubwa ni utafiti wa UKPDS wa Uingereza, ulianza 1977, wagonjwa wapya 5,102, majibu yakatoka 1998. Wale wanene waliopewa metfomini, vifo vya sababu yoyote vilipungua asilimia 36 ukilinganisha na wenzao walioshauriwa chakula tu. 2008 wakatoa majibu ya kuwafuatilia miaka 10 mingine, sukari za makundi yote zilishalingana zamani lakini waliotibiwa vizuri mwanzoni bado walikuwa na nafuu. Hiyo imenigusa, kwamba sukari unayoishusha leo inakulinda hata baadaye.

Mlo: utafiti wa DiRECT, wa maprofesa Roy Taylor na Mike Lean, watu 306 wa Scotland na Tyneside. Miezi 3 hadi 5 hawali chakula cha kawaida kabisa, ni supu na maziwa ya unga maalum, kalori kama 850 kwa siku. Baada ya mwaka asilimia 46 sukari ilirudi kawaida bila dawa, kundi lingine asilimia 4 tu. Waliopungua kilo 15 na zaidi ilikuwa asilimia 86! Ila mwaka wa pili waliobaki hivyo bila dawa wakawa asilimia 36.

Sindano: utafiti wa SUSTAIN-6 wa 2016, watu 3,297, mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa pamoja vilipungua asilimia 26. Utafiti mwingine, FLOW wa 2024, ukaonyesha inalinda na figo.

Mimi moyo unaelekea kwenye mlo. Nyie mnaonaje?

NesiWaZamu
Pole na mama, na hongera kwa kusoma. Kabla hujachagua lolote, rudi kwenye kila utafiti ukaulize walimchukua nani, wakamwacha nani. DiRECT walichukua wenye uzito uliozidi, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 27 mpaka 45, wasiotumia insulini, na ugonjwa haujazidi miaka 6. Dawa za sukari na za presha walizisimamisha siku ya kwanza maana ukibana chakula hivyo huku unameza dawa za kushusha, mtu anaweza kuanguka, na kulikuwa na nesi au mtaalam wa lishe anawafuatilia mmoja mmoja. Mama ana kilo ngapi na urefu gani? Presha je?

BintiPangani
Nesi asante. Ana kilo 61, urefu sentimita 158. Presha hana. Kweli ni mwembamba, na toka mwaka jana kapungua, majirani walikuwa wanamsifia.

NesiWaZamu
Hapo BMI ni 24 na kidogo. Kwa hiyo DiRECT haikumwongelea mama yako, na ile asilimia 36 ya metfomini pia ni ya wanene, walikuwa 342 tu waliopewa. Haimaanishi metfomini haimfai, inamfaa na ndiyo tunayoanza nayo, ila usiibebe ile namba kama ilivyo. Huku kwetu tunao wengi wa hivi, wembamba wenye sukari ya ukubwani, Uganda wamewaandika sana. Na huko kupungua bila kupenda naomba msikuchukulie kama sifa. Mwambie daktari waziwazi, aangalie kama kweli ni aina ya pili au kongosho limechoka anahitaji insulini mapema. Hilo ningelifanya kabla ya mjadala wowote wa mlo.

Kaka_Mkubwa_Tanga
Naomba niongeze, maana watu wanadhani Taylor aliishia kwa wanene. Kuna utafiti wake mwingine, ReTUNE, majibu 2023, watu 20 wenye BMI 21 mpaka 27, walipunguza kama asilimia 10 ya uzito wao na 14 kati ya 20 wakatoka kwenye ugonjwa. Hoja yake ni kwamba kila mtu ana kiwango chake cha mafuta kwenye ini na kongosho, ukikivuka unaugua hata kama kwa macho wewe ni mwembamba. Kwa hiyo mwembamba si kwamba hana njia.

NesiWaZamu
Nakubali mkuu, utafiti mzuri sana ule, nimeusoma. Lakini watu 20, na chini ya uangalizi. Mama wa miaka 57 ambaye tayari anapungua mwenyewe, nikimwambia apunguze kilo 6 nyingine kabla hatujajua kwa nini anapungua, sitalala.

FundiRedio
Mimi naongelea kitu ambacho hakuna aliyekitaja, glibenklamidi, kidonge kingine cha kushusha sukari. Mzee wangu kliniki moja walimwongezea hiyo juu ya metfomini, hakuna aliyemwambia asiimeze kama hajala. Siku hiyo aliimeza jioni, akasema hana njaa akalala. Saa nane usiku mama kaniamsha, nakuta shati lake limelowa ungesema katoka mvuani, mwili wa baridi, ananiita jina la mdogo wake aliyefariki. Nikapima, sukari imeshuka mpaka 2.1. Tukamkalisha, tukakoroga sukari kwenye maji ya uvuguvugu tukampa kidogokidogo na kijiko, mkono wangu unatetemeka nusu imemwagikia kifuani. Baada ya dakika ishirini akaniuliza kwa nini watu wote wako macho.

Toka siku hiyo mtu akiniambia shusha sukari mpaka iwe kama ya asiyeumwa namwonyesha utafiti wa ACCORD. Marekani na Canada, watu 10,251, kundi moja walilazimisha HbA1c chini ya 6, Februari 2008 wakasimamisha kundi hilo kwa sababu walikuwa wanakufa zaidi ya wenzao. Kwa hiyo dada kwenye ulinganisho wako ongeza safu ya dawa inashusha sukari kupita kiasi au haishushi. Metfomini peke yake ni nadra sana kufanya hivyo. Kwangu hiyo ni sababu kubwa kuliko asilimia zote mlizoandika hapo juu.

MwanaKisauni
Kweli kabisa fundi. Na kwa sie tunaofunga hilo ndilo la kwanza. Mamangu alibadilishiwa dawa mwezi mzima kabla ya Ramadhani, dozi kubwa ya metfomini akahamishiwa futari, ndogo ikabaki daku. Daktari alimwandikia kwenye karatasi tukaibandika kwenye friji, ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda zaidi ya 16.6 afungue hapo hapo hata kama imebaki nusu saa adhana. Na kujidunga kidole kupima hakufunguzi saumu, wazee wengi hawajui wanakaa mchana kutwa bila kupima.

MuscatBilaMbali
Dada yako aliye huku namwelewa, anatamani kusaidia, lakini hiyo sindano asiitume kwenye begi la mtu. Kabla hujaianza kutumia inatakiwa kukaa kwenye friji, na Juni 2024 WHO walitoa tahadhari ya Ozempic (jina la dukani la semaglutaidi) za bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Halafu kwenye hiyo hiyo SUSTAIN-6 kuna kitu umekiruka, matatizo ya macho yalikuwa mengi kwenye kundi la sindano, asilimia 3.0 kwa 1.8. Sukari iliyokuwa juu ikishuka ghafla macho yaliyoanza kuharibika yanaweza kuzidi. Mama kapimwa macho? Na dawa inayokata hamu ya kula kwa mtu wa kilo 61 anayepungua, hapana. Hela hiyo dada anunue stripu za kupimia sukari.

BintiPangani
Jamani nimesoma zote mara mbili. Macho hajapimwa, hakuna aliyetuambia. Metfomini inamsumbua tumbo, anaharisha asubuhi, ndo maana kaka kapata nguvu.

NesiWaZamu
Anameza tumbo tupu huyo. Ameze katikati ya chakula, na uulize kama anaweza kuanza na dozi ndogo ikapandishwa taratibu, au ile inayoyeyuka polepole. Wengi tumbo linatulia. Apimwe kriatini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, na akishakaa nayo miaka, vitamini B12. Kitu kingine, kwenu kuna mwenye selimundu? Mtu aliyerithi kwa mzazi mmoja tu haumwi, lakini HbA1c yake inaweza kusoma chini ya ukweli, Marekani waliona tofauti ya kama pointi 0.3. Ndiyo maana msitegemee kipimo hicho peke yake.

MwanaKisauni
Nanyi watoto mjipime. Utafiti wa DPP wa Marekani, watu 3,234 waliokuwa karibu kuugua, kutembea dakika 150 kwa wiki na kupungua asilimia 7 kulizuia ugonjwa kwa asilimia 58, metfomini 31. Kaka na huo mlo wake aanze yeye.

BintiPangani
Kaka anasoma hapa, kaniambia sawa atapima 😊. Kliniki ni Alhamisi. Nimeandika nyuma ya kadi ya mama: kupungua uzito, macho, kriatini, dozi ya kuanzia. Leo kameza katikati ya uji wa dona, mpaka sasa tumbo kimya. Mwenye kujua stripu zinapatikana wapi Tanga aniambie, zimebaki sita na mama kaanza kuniambia nisimpime, nizitunze.

FundiRedio
Mashine yenu ni ya aina gani? Nina boksi moja ambalo halijafunguliwa, la mzee. Nitumie picha ya mashine kwanza maana haziingiliani.