Levo mashine imeanguka na tripodi yake, naichekije kama bado inasoma sawa?

kijana_wa_saiti: Wakuu habari za jioni. Levo ya saiti (mashine ya kupimia vimo) ilidondoka Jumatatu, upepo ulipiga tripodi haijakanyagwa vizuri. Kiputo kinakaa kati fresh tu, ila jana tumezunguka tukarudi BM ileile (alama yenye kimo kinachojulikana) tukakuta tofauti ya milimita 9, na injinia anataka levo (vimo) za nguzo kesho. Kuipeleka kwenye kalibresheni mjini ni siku tatu, kuna njia ya kucheki hapahapa?

mzee_wa_stafu: Kiputo hakikuambii kitu hapo kijana. Gonga pegi mbili, mita 60 kati yake, simika mashine katikati kabisa, 30 kwa 30, simamisha stafu (rula ndefu ya kupimia) juu ya kila pegi, soma zote mbili utoe. Hiyo tofauti ni ya kweli hata kama mashine ni mbovu, maana kosa linakuwa sawa pande zote linajifuta lenyewe. Halafu hamisha mashine mita 3 nyuma ya pegi A, soma tena. Tofauti ikibadilika ujue mstari wa kuchungulia haulali sawa.

Dodoma2: Kabla ya yote gonga mguu wa tripodi kidogo na kidole huku unachungulia, picha inatakiwa icheze halafu irudi palepale. Isiporudi kompenseta (kile kinachosawazisha mstari chenyewe ndani ya mashine) imekwama, hiyo hata mzee hakusaidii 😂

kijana_wa_saiti: Kompenseta inarudi. Katikati nimepata A 1.432, B 1.217, yaani 0.215. Nyuma ya A nimesoma A 1.506 na B 1.303, imekuja 0.203!!

mzee_wa_stafu: Milimita 12 kwa mita 60, mashine inaangalia juu. B ilitakiwa isome 1.291. Fungua kifuniko karibu na jicho la mashine, pale unapochungulia, kuna skrubu ndogo, tumia pini yake sio bisibisi ya kuazima, zungusha taratibu mpaka mstari ukae 1.291 halafu rudia zoezi lote toka mwanzo. Mimi tofauti ikibaki chini ya milimita 3 naiacha.

kijana_wa_saiti: Asante mzee. Na nguzo za jana je? BM ilikuwa mita 5 toka kwenye mashine, nguzo ya mwisho mita 45.

mzee_wa_stafu: Tofauti mita 40, hiyo nguzo umeiweka juu milimita 8. Rudia hizo za mbali kabla hawajamwaga zege.