Kadi ya grafiki isiyopiga kelele kwa Dell ya mtumba, bajeti laki tatu na nusu

Mwl_Nkuhungu

Wakuu, habari za usiku. Naombeni msaada, hili limenishinda.

Nipo Dodoma, Nkuhungu, chumba na sebule vya kupanga. Kompyuta ni Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ile kubwa ya kusimama, prosesa i5-4590, RAM GB 16. Niliinunua kwa ajili ya kutunga mitihani na kuandaa masomo, lakini jioni nikishasahihisha madaftari nacheza gemu saa moja, moja na nusu. GTA V, mpira, na gemu moja ya kuendesha malori. Ndiyo starehe yangu.

Mke wangu ni muuguzi. Wiki ya zamu ya usiku analala mchana, wiki ya zamu ya mchana analala mapema. Tuna mtoto wa miezi saba, kitanda chake kipo nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka mezani kwangu. Shemeji yangu kaniazima kadi ya grafiki, GTX 750 Ti yenye feni moja ndogo. Dakika kumi za kwanza ni kimya kabisa. Halafu inaanza kama mashine ya kusaga mtama inavyowashwa: mlio mwembamba, unapanda, unapanda, mwisho unakwaruza.

Juzi mtoto alishtuka akalia. Mke wangu hakugomba. Alikuja amembeba, akakaa kwenye kochi na gauni lake la kulalia, akasubiri nimalize. Nilizima palepale na sijagusa gemu tangu siku hiyo.

Duka moja hapa mjini wameniambia nichukue RX 580 ya GB 8, eti hakuna gemu itakayonishinda. Mwingine ananisukumia GTX 1660 Super. Mwingine anasema kadi yenye feni tatu ndiyo kimya, nisihangaike na kitu kingine. Monita yangu ni 1080p, 60Hz, yaani inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Ninachotaka ni kimya kwanza, uzuri wa picha baadaye. Nawasilisha.

Fundi_Sabasaba

Mwalimu, pole sana, na hongera kwa mtoto. Hiyo hela usiitoe kwanza.

Pawa saplai ya 9020 ya kusimama ni wati 290 na haina waya wa kulisha kadi. RX 580 inakula wati 185, 1660 Super wati 125, na zote mbili zinadai waya huo. Atakuja mtu akwambie tutaunga kwenye waya wa hadi diski. Mkatalie. Mezani kwangu umewahi kufika waya wa namna hiyo, plastiki imeyeyuka ikagandana na pini, na mwenye kompyuta anashangaa kwa nini inazima katikati ya gemu. Ukisema ubadilishe pawa saplai, mazabodi ya 9020 haipokei ile plagi ya kawaida ya pini 24, ina ya kwake ya pini 8. Inawezekana kwa adapta, lakini tayari umeshaingia gharama nyingine.

Kwa hiyo wewe ni wa kadi zinazokula umeme kwenye sloti peke yake, yaani pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, na sloti inatoa wati 75 basi. Hapo una GTX 1050 Ti, GTX 1650 (chagua isiyo na tundu la waya juu, maana zipo zenye nalo), RX 6400 ya wati 53, na RTX 3050 ya GB 6 ya wati 70. Kuwa makini na hiyo ya mwisho, kuna 3050 nyingine ya GB 8 inayokula wati 130, jina ni lilelile.

Hili ndilo jibu la feni tatu pia. Kila wati inayoingia kwenye kadi inatoka kama joto, na feni kazi yake ni kulitoa hilo joto. Kadi ya wati 70 yenye feni moja nzuri itakuwa kimya kuliko ya wati 185 yenye feni tatu zinazokimbia. Na hapa kwetu kuna jambo la ziada, tupo kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, feni inalazimika kuzunguka zaidi kidogo kwa kazi ileile.

Sasa kinachonisumbua kwenye maelezo yako. Hiyo 750 Ti ni wati 60 tu. Haistahili kuunguruma hivyo. Kukwaruza ni beringi ya feni imekwisha, lakini huo mlio unaopanda taratibu sina uhakika kama ni wa kadi. Fanya hivi: zima, chomoa kadi, rudisha waya wa monita kwenye mazabodi, i5 yako ina grafiki yake ndani. Washa gemu yoyote, hata kwa picha mbaya, uiache robo saa. Ukiusikia mlio, kadi unaisingizia.

Binti_Chadulu

Kaka mwalimu, mimi nasoma UDOM na nilikuwa na RX 6400 kwenye HP ya mtumba. Kimya? Ndiyo, nilikuwa nasahau kama ipo. Lakini kadi hiyo inatumia njia nne tu za PCI Express, zile zinazopitisha data kati ya kadi na mazabodi. Kwenye mashine mpya zenye PCI Express ya kizazi cha 4 haisumbui sana, kwenye i5 za zamani kama yako PCI Express ni ya kizazi cha 3, upana unakuwa nusu. Kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa, gemu inakatakata. Unaendesha gari vizuri, ukikata kona picha inaganda nusu sekunde. Halafu haina kifaa cha kurekodi video ndani yake, kazi yote inaangukia prosesa. Mimi narekodi masomo, niliiuza.

Jambo la pili, angalia feki. Kuna kadi za zamani kabisa zinabandikwa jina la 1050 Ti kwa kubadilisha programu yake ya ndani. Ukiona "1050 Ti" ina tundu la buluu la VGA, iache hapohapo, kizazi hicho chipu zake hazitoi VGA. Nenda na flashi yenye GPU-Z, programu ya kutambua kadi, ukiifungua kadi ya kughushi inaandika FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa usiichomeke, umeshapata jibu.

Manyoni_Kati

Fundi kamaliza kwenye wati, mimi naongezea vumbi. Nimeishi Dodoma miaka minne. Kuanzia Mei mpaka Oktoba karibu hakuna mvua, upepo wa kiangazi unaingiza vumbi mpaka ndani ya kabati lililofungwa. Kompyuta ya sakafuni inameza kila ufagio unapopita. Iweke juu ya meza. Mbele kwenye matundu ya kuingizia hewa funga kipande cha soksi nyembamba za kike, ukifue kila wiki mbili. Ukipuliza kwa blowa, shika feni kwa kidole isizunguke.

Na ukishapata kadi, ifunge fremu (picha) 60 kwa sekunde kwenye mpangilio wa NVIDIA. Monita yako haionyeshi zaidi ya hapo, kadi ikitengeneza 140 hizo nyingine ni joto na kelele za bure. Mbaya kuliko zote ni menyu ya gemu: umekaa unachagua jezi, kadi inatafuna fremu mia tatu.

Ila mimi ningekushauri ujikusanye miezi miwili mitatu upate 3050 ya GB 6. Hizo kadi nyingine za GB 4 zinazeeka vibaya.

Fundi_Sabasaba

Manyoni, kwa gemu alizotaja GB 4 zinamtosha, na hela ya ziada ina mtoto wa miezi saba. Ningekuwa mimi ni 1650.

Mwl_Nkuhungu

Wakuu, nimerudi na majibu, samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani ya muhula.

Fundi, nilichomoa kadi kama ulivyosema. Dakika ya kumi na mbili, mlio uleule! Ule wa kukwaruza tu ndio ulikosekana. Nikafungua ubavu, nikatoa ile kofia ya plastiki juu ya prosesa. Chini ya feni, kati ya mapezi ya chuma, palikuwa na vumbi jekundu limeshikana kama kipande cha blanketi. Nililivuta kwa kibano likatoka zima, lina alama za mapezi upande mmoja. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Nimesafisha kwa brashi ya rangi, nikafuta ile krimu ya joto iliyokuwa imekauka kama chokaa, nikapaka mpya. Mlio wa kwanza umekwisha. Miezi yote hiyo nilikuwa nailaumu kadi ya shemeji.

Kadi nimechukua GTX 1650 ya mtumba, feni moja, haina tundu la waya, kwa laki mbili na themanini. Binti, nilikwenda na flashi yako. Duka la kwanza muuzaji alisema GPU-Z inaharibu kadi, nikaondoka. La pili wenyewe walinivutia kiti. Nilipima pia urefu kwa rula, maana ndani ya hii Dell kadi ndefu inagonga kiboksi cha hadi diski.

Jana usiku nimecheza GTA V saa nzima, picha za kati na juu, nimefunga 60. Kadi ilifika nyuzi 67 na feni ilikaa asilimia 40 ya kasi yake. Nilisogeza kiti nikakaa kwenye kochi alipokaa mke wangu siku ile, nikasikiliza kutoka pale. Nilisikia pangaboi, na mbwa wa jirani. Pazia halikutikisika.

Manyoni, soksi nimefunga, mke wangu ndiye aliyeikata. Fundi, 750 Ti namrudishia shemeji wiki ijayo, lakini sitaki kumrudishia ikiwa inakwaruza. Feni yake inapatikana peke yake?

Fundi_Sabasaba

Inapatikana. Pima kutoka tundu la skrubu hadi tundu la skrubu, siyo upana wa mapanga, na uhesabu nyaya kama ni mbili, tatu au nne. Niandikie hapa nikuangalizie kwenye kadi mbovu nilizonazo.