Mnatuhadithia mvua ya mcheza gofu Papwa Sewgolum, kunyimwa kwake riziki mnakuruka. Kwa nini?

Wakuu, nimekereka tangu jana usiku. Nimekaa na chai yangu nisikilize kipindi cha michezo, mada ni gofu ya Afrika Kusini. Gary Player, yule bingwa Mzungu, akapewa karibu kipindi kizima. Ernie Els naye akapata fungu lake. Sewsunker Sewgolum, maarufu Papwa? Dakika moja. Ile hadithi ya mvua, mtangazaji akacheka kidogo, likaingia tangazo la sabuni.

Mvua tunaijua jamani! 1963, Durban Country Club. Mhindi wa hapohapo Durban kashinda Natal Open, mashindano ya gofu ya jimbo la Natal, Wazungu wamejikinga ndani ya jumba la klabu, yeye anakabidhiwa kombe nje huku analowa, maana kwa ubaguzi wa makaburu ndani hapakuwa pake. Picha ikazunguka dunia.

Sasa mbona mnaishia hapo? Huyu alianza kama kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, kusoma na kuandika hajui, kocha hana. Hebu shika ufagio hapo ulipo kama fimbo ya gofu. Wanaopigia kulia mkono wa kulia huwa chini. Papwa aliweka wa kushoto chini, wa kulia juu. Piga hata kizibo cha soda uone viwiko vinavyogombana. (Nimejaribu. Glasi ya mama watoto haipo tena.) Kwa mshiko huohuo akabeba Dutch Open mara tatu: 1959, 1960 na 1964. Uholanzi ni bingwa, kwao mpaka apewe kibali ndipo acheze na Wazungu.

1965 akarudia Natal Open, na safari hii aliyemwacha nyuma ni huyohuyo Player wenu, ambaye mwaka uleule alichukua US Open. Hapo ndipo wakubwa walipotaharuki. Wakamfungia mashindano ya nyumbani, pasipoti wakaichukua. Mchezaji wa kulipwa, kwao hachezi, nje haendi, watoto wale nini? Akafa 1978, hohehahe. Hiyo ndiyo habari, na kwenye kipindi haikutajwa hata kwa bahati mbaya!

Na kabla hamjanijia na "Player baadaye aliukana ubaguzi", ni kweli, aliukana. Ila 1966 alikuwa bado anautetea kitabuni, mwenzake hana pa kuchezea.