Uzi: Kitabu gani ulipewa na muuza vitabu wa mji wako wa pwani kikakukaa? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Chumbageni (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba leo tuongelee vitabu, ila sio ule uzi wa "nitajie vitabu kumi bora", hizo orodha zipo nyingi na nyingine zinaandikwa na watu ambao vitabu vyenyewe hawajavishika. Nataka tuongelee yale maduka madogo ya vitabu kwenye miji yetu ya baharini, iwe Tanga, Bagamoyo, Unguja, Pemba, Mombasa, Malindi, Lamu, Kilwa, Lindi, popote ulipo, na hasa yule mtu wa kaunta ambaye ukiingia hujui unataka nini anakuuliza maswali mawili matatu, anaingia nyuma, anarudi na kitabu anakwambia chukua hiki usome kisha uje tuongee.

Naanza mimi. Hapa Tanga kuna duka la chumba kimoja, mbele ni daftari na kalamu na mashine ya fotokopi, ukipita pazia ndio unakuta riwaya, mashairi, vitabu vya dini na mtumba kidogo. Mwenyewe ni mama mtu mzima, sisi tunamwita Bibi, jina lake na la duka sitaji kwa sababu hajaniruhusu. Nilienda kutafuta riwaya ya kipelelezi nikamwambia nataka kitu cha mbio mbio, akaniuliza umezaliwa hapa hapa? Nikamwambia ndio, akaniuliza na taarabu unasikiliza? Akanipa Siku Njema ya Ken Walibora. Nikawa najiuliza huyu mbona nimemwomba ya kipelelezi ananipa kitabu cha mwandishi wa Kenya, kumbe ndani yake mtoto anazaliwa Tanga hii hii, mama yake mwimba taarabu, halafu anavuka mpaka kumtafuta baba yake. Nilimaliza usiku ule ule na asubuhi nikarudi dukani kabla sijaenda kazini.

Sasa habari za duka, maana ndizo zilizonifanya nifungue uzi. Bibi ameanzisha kikao cha kusoma kila Jumamosi baada ya alasiri, pale barazani. Watoto wanaanza, wanasomewa hadithi, wakitoka wanaingia wakubwa. Hakuna kiingilio, kahawa analeta jirani. Mwezi huu tunasoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, na kuna mpango wa kuwapeleka watoto Machui kwenye kaburi la Shaaban Robert, wajue mtu aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, umbali wa safari ya bajaji tu kutoka mjini, ndiye anayesomwa vyuo vikuu vya nje. Wengi wa hawa watoto wanapita barabara ile kila siku na hawajui.

Bibi anataka kuongeza rafu moja ya vitabu vilivyopendekezwa na wasomaji. Kwa hiyo kila atakayechangia aseme mji, kitabu, na aliulizwa nini mpaka akapewa hicho. Karibuni.

Binti Mlandege

Ahsante mleta uzi, umenigusa khasa. Mie niko Unguja. Wakati nasoma skuli kulikuwa na mzee anauza vitabu kwenye kichochoro karibu na Darajani, si duka hata, ni mlango na meza. Niliingia kununua daftari akaniuliza babaako anafanya kazi gani. Nikamwambia baba ni dereva lakini babu alikuwa mchukuzi bandarini. Akanitolea Kuli ya Adam Shafi, kava limeshapauka, akaniambia mpelekee babu.

Babu hakuwa akisoma sana, macho yalishachoka, nikawa namsomea mie jioni baada ya magharibi. Wale msioijua, ni hadithi ya Rashidi na wachukuzi wa bandari ya Unguja mpaka ule mgomo wa mwaka 1948. Basi babu kila nikifika pahala pa magunia na mabosi wanavyowasema watu ananyanyua mkono, "rudia hapo". Narudia. Kisha anaanza kueleza yake, nani alivunjika mguu, nani alifukuzwa kazi kwa kujibu, mambo ambayo hata baba hakuwa kayasikia. Kitabu kile tulikisoma taratibu sana kwa sababu ya hayo marudio. Babu keshatangulia mbele ya haki, na yote ninayoyajua kuhusu ujana wake nimeyapata katika zile jioni. Kwa hiyo mie napendekeza Kuli, na napendekeza isomwe kwa sauti mbele ya wazee.

Baadae nilisoma na Vuta n'kuvute ya huyo huyo, Yasmin anavyomkimbia yule mume mzee na anavyokuja kupokewa Ng'ambo kwa Mwajuma. Ile filamu ya 2021 mmeiona wengi, naomba rudini kwenye kitabu, mle mna mengi zaidi.

Nipo Nasoma

Naweka kambi hapa.

Kijana wa Shella

Salaam kutoka Malindi. Huku kwetu hadithi ni tofauti kidogo. Mnajua Malindi ina Waitaliano wengi, wengine wamejenga, na sisi vijana wa ufuoni Kiitaliano tumekiokota mdomoni tu, kuongea sawa, kusoma hakuna. Sasa kuna duka hapa mjini, wageni wakimaliza likizo wanaacha vitabu vyao, mwenye duka anavinunua kwa bei ya chini, rafu nzima ni riwaya za Kiitaliano zimejaa mchanga kwenye mgongo, ukifungua kurasa unamwagika. Mimi nilikuwa natafuta kazi ya kutembeza wageni nikaingia kuuliza kamusi. Yule mzee akaniuliza, wewe Kiswahili chako unakisoma? Nikamwambia tangu nimalize fomu foo sijagusa. Akasema basi tupatane, kila ukinunua cha Kiitaliano ninakuazima kimoja cha Kiswahili bure, ukirudisha unanieleza kilikuwa na nini.

Cha kwanza kunipa ni Utengano wa Said Ahmed Mohamed. Wengi wetu Kenya tulikisoma kwa mtihani, ukitajiwa Maimuna unakumbuka maswali ya insha, hukumbuki msichana aliyefungiwa ndani na babake mpaka akatoroka na dunia ikamfunza. Kukisoma bila mwalimu na bila mtihani ni kitu kingine kabisa, nilikasirika na Maksuudi kama mtu wa mtaani kwetu.

Kiitaliano sasa nasoma, kazi nilipata, lakini mazungumzo yale ya kaunta ndiyo yaliyonirudisha shule bila kwenda shule. Na niseme kitu kuhusu biashara yenyewe, hawa watu wanaumia. Tangu 2013 vitabu huku Kenya viliwekewa kodi ya VAT ya asilimia 16, mzazi akiingia na listi ya Januari pesa yote inaishia kwa vitabu vya kiada, riwaya inabaki pale. Mzee anasema duka linaishi kwa Januari, miezi mingine ni mapenzi tu.

Mwalimu wa Kusini

Hapo kwa vitabu vya mtihani Kijana wa Shella umesema kweli tupu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Lindi. Wanafunzi wangu wana Takadini, wana Watoto wa Mama N'tilie, kwenye silabasi zipo. Lakini ukienda dukani kinachouzika sio riwaya, ni vile vijitabu vya uchambuzi, dhamira hizi hapa, wahusika hawa hapa, mwisho. Mtoto anafaulu swali la Takadini na hajawahi kukaa na Takadini mwenyewe hata ukurasa mmoja. Inaniuma sana hii kitu.

Muuza vitabu wetu hapa alifanya jambo ambalo mimi mwalimu sikulifikiria. Mwanafunzi akija kununua uchambuzi anamwambia sawa nitakuuzia, lakini kaa hapo kwenye benchi usome kurasa za mwanzo za riwaya kwanza, bure, ukimaliza ndio nikupe. Wengine wananuna wanaondoka. Wengine wanakaa mpaka anafunga duka. Nina binti mmoja kidato cha tatu alianzia kwenye lile benchi, sasa hivi anamaliza vya Hussein Tuwa kimoja baada ya kingine na insha zake zimebadilika mpaka walimu wenzangu wananiuliza.

Kwa rafu ya Bibi napendekeza Mzimu wa Watu wa Kale, ya yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, ni ya mwaka 1960 lakini mtoto wa leo ukimpa hakuachii. Mleta uzi wewe uliyetaka kipelelezi, hicho ndicho.

Mzee wa Kaole

Vijana mmesema vizuri, mimi niongeze la utunzaji maana nimeuza vitabu Bagamoyo muda mrefu na adui wetu wa kwanza sisi watu wa pwani ni hewa ya bahari. Kitabu kikikaa karibu na ukuta wa nje wakati wa masika unakuta mgongo umeota kuvu, kurasa zimenatana, gundi imeachia. Rafu isiguse ukuta, acha nafasi mkono upite. Msivikaze sana, kitabu kinataka hewa, ukiona unatumia nguvu kukichomoa ujue umejaza kupita kiasi. Msivifunge kwenye nailoni mkaziba kabisa, unyevu ukiingia ndani hautoki. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vya kwenye maboksi ya viatu msitupe, mimi naviomba kwa wauza viatu naviweka nyuma ya vitabu.

Kikilowa usikianike juani. Jua la saa sita linakunja karatasi na gundi inakauka vibaya. Kisimamishe kivulini, kurasa zimeachana, feni ikipiga kwa mbali, katikati ya kurasa tia karatasi nyeupe ya kunyonya maji, ibadilishe ikilowa. Inachukua siku kadhaa, uwe na subira. Kuvu kama ishaingia, kitoe kikae peke yake kwanza kisije kuambukiza vingine, kikikauka kabisa ndio uifute kwa brashi laini ukiwa nje ya nyumba.

Na ninyi wasomaji mkiazima rudisheni.

Data Bure

Samahani wakuu, nauliza bila ubaya. Siku hizi kila kitu kipo pdf, grupu za WhatsApp zimejaa riwaya, kwa nini mtu alipe elfu kumi na tano dukani?

Mtoto wa Chumbageni

Mkuu swali lako ni la haki na nakujibu kwa heshima. Kwanza nyingi ya hizo pdf mtu kapiga picha kitabu cha mtu kakirusha, mwandishi yupo hai au familia yake ipo na hawapati hata mia. Wachapishaji wetu wa Kiswahili sio wengi, wakiona riwaya haiuzi hawachapi tena, halafu sisi sisi tunalalamika kwamba vitabu vya zamani havipatikani. Pili, elfu kumi na tano ni pesa, naelewa, ndio maana Bibi anaazimisha na ndio maana kuna kikao cha Jumamosi, njoo usome bila kununua. Lakini simu haijawahi kuniuliza nimezaliwa wapi. Ile pdf ya Siku Njema nilikuwa nayo kwenye simu kabla Bibi hajanipa kitabu, na sikuwahi kuifungua.

Bint Ruwi

Assalam alaykum, niko Muscat. Kwetu nyumbani Kiswahili ndio lugha ya jikoni na ya wazee, sisi watoto tumesoma kwa Kiarabu na Kiingereza. Alipopata Nobel Abdulrazak Gurnah 2021 bibi yangu alifurahi mno, mtoto wa Unguja kama yeye, akataka asomewe. Vitabu vyake ni vya Kiingereza, nikawa namfasiria ovyo ovyo, hafurahi.

Nilipokuja Zanzibar likizo nikaingia duka moja Mji Mkongwe nikamweleza dada wa pale, akaniuliza bibi ameondoka Unguja akiwa na umri gani? Nikamwambia msichana. Akanipa Peponi, ndio Paradise ya Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, imetoka Mkuki na Nyota 2022. Yusuf mtoto mdogo anatolewa na babaake kwa deni, anachukuliwa na tajiri Aziz, misafara ya bara, mambo yote yale, safari hii kwa lugha ambayo bibi hahitaji kungoja nimfikirie neno. Alinisimamisha mara nyingi tu kunisahihisha matamshi. Sasa wanakuja na mashoga zake Ijumaa baada ya chakula, tunasoma sehemu sehemu, wanagombana nani katika hadithi ana haki. Bibi kashaniagiza vingine, anataka vya Shaaban Robert. Mleta uzi, huyo Bibi wa Tanga anatuma mzigo Oman?

Binti Mlandege

Bint Ruwi mashallah, mpe salamu bibi. Mwambie amtafute Siti binti Saad katika huo wasifu, aliyetoka Fumba akaenda kurekodi Bombay 1928. Atakuwa anazijua nyimbo.

Mtoto wa Chumbageni

Wakuu nimetoka dukani sasa hivi, Bibi kasomewa uzi wote na mjukuu wake. Amefurahi na ametoa majibu.

Bint Ruwi, mzigo unatumwa, nakuja pm tupange, Wasifu wa Siti ipo nakala moja ameshaiweka pembeni kwa jina la bibi yako. Mwalimu wa Kusini, wazo la benchi amelichukua, benchi linatoka barazani linaingia ndani wiki hii. Mzee wa Kaole, amekubali rafu ivutwe kutoka ukutani, tunaifanya Jumapili asubuhi, waliopo Tanga wenye nguvu waje saa mbili.

Rafu ya wasomaji hadi sasa ina Kuli, Utengano, Mzimu wa Watu wa Kale na Peponi. Kuli haina nakala dukani, mwenye ya ziada aiache kwenye duka la fotokopi au aitume kwa basi, nauli ya mzigo analipa Bibi. Na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kikao kitaanza asubuhi hadi magharibi, kila mtu anakuja na kurasa zake anasoma kwa sauti. Wa Malindi, Unguja na Lindi mnaweza kusoma kwa simu tukaweka spika. Niandikieni hapa mtasoma nini ili nipange zamu.