Mkopo wa nyumba: riba isiyobadilika au inayobadilika? Na hatifungani za serikali zinahusikaje?

Mpangaji_Bado
Wadau, nisaidieni. Nina mikopo mitatu mezani: (a) riba isiyobadilika hadi mwisho, (b) isiyobadilika miaka 5 kisha inapangwa upya, (c) inayobadilika, ambayo kwa leo ndiyo ya chini kuliko zote. Afisa mikopo kaniambia, "Faida ya hatifungani za serikali inashuka, subiri kidogo." Hatifungani na nyumba yangu wapi na wapi?

KaraniWaRiba
Zinahusiana sana. Hatifungani ni hati ya kuikopesha serikali. Chukua ya 1,000 inayolipa 50 kwa mwaka, yaani 5%. Wawekezaji wakiikimbia, bei yake sokoni ikaanguka hadi 900, zile 50 haziguswi. Anayeinunua leo anapata zaidi ya 5.5% kwa mwaka; hiyo ndiyo "faida" aliyoitaja afisa wako. Sasa benki inajiuliza: ikiwa serikali inanilipa hivi na mimi nimekaa tu, kwa nini nimkopeshe mtu wa nyumba kwa chini ya hapo? Inaanzia hapo, inaongeza ya hatari, ya gharama na ya kwake, ndiyo riba unayoandikiwa.

Bi_Hesabu
Sawa, ila si hatifungani yoyote. Angalia muda. Marekani mkopo wa miaka 30 hulinganishwa na hatifungani ya miaka 10, kwa kuwa wengi huuza nyumba au hukopa upya kabla ya muda kwisha. Kanada, riba ya miaka 5 hutembea na hatifungani ya miaka 5. Hiyo (c) yako kwa kawaida hufuata riba ya Benki Kuu. Afisa wako kazungumza kama vile zote tatu ni kitu kimoja.

Mpangaji_Bado
Kwa hiyo Benki Kuu ikishusha riba, (a) inaweza isishuke?

MzeeWaMnada
Inaweza hata kupanda! Septemba 2024 Benki Kuu ya Marekani ilipunguza riba kwa nusu asilimia. Hatifungani ya miaka 10 ilikuwa kwenye 3.7% hivi, mwaka ulipokwisha ilikuwa karibu 4.6%, na mikopo ya miaka 30 ikatoka kwenye 6.1% kuelekea 6.9%. Waliosubiri "punguzo" waliumia. Soko lilikuwa limeshaliweka punguzo hilo kwenye bei, likawa linatazama mfumuko wa bei wa mbele na madeni ya serikali.

Kimya_Kingi
Msisahau pengo kati ya faida ya hatifungani ya miaka 10 na riba ya mkopo wa miaka 30. Kwa miaka mingi Marekani lilikuwa kati ya asilimia 1.5 na 2, lakini 2023 lilifika karibu 3. Faida ya hatifungani inaweza kushuka na benki isikupunguzie kitu. Kupanda ndiko hakuchelewi: Uingereza, Septemba 2022, bajeti ndogo ya serikali ilipotikisa hatifungani, wakopeshaji waliondoa mamia ya mikopo sokoni ndani ya siku chache.

Bi_Hesabu
@Mpangaji_Bado pima (c) kwa mfuko wako. Kila 100,000 kwa miaka 25: riba 5% unalipa kama 585 kwa mwezi, 6% ni 644, 7% ni 707. Kama 707 inakunyima usingizi, (c) iache, hata kama leo ni rahisi.

MzeeWaMnada
Mimi ningechukua (b). Kwenye (a) unailipa benki ikubebee hatari ya miaka yote, na huenda ukauza nyumba mapema.

KaraniWaRiba
Mzee, hapo sikubaliani nawe. Mwenye kipato cha kuhesabika achukue (a), halafu riba zikishuka akope upya. Mradi faini ya kulipa mapema isiwe kubwa.

Mpangaji_Bado
Nimeuliza. (a) ina faini, (b) haina baada ya ile miaka 5. Naelemea (b).

Bi_Hesabu
Kabla hujasaini, soma kifungu cha kupanga riba upya. Kikisema "hatifungani ya miaka 5 ya siku hiyo, kuongeza asilimia kadhaa", utaweza kukagua mwenyewe. Kikisema "kwa uamuzi wa benki", ndugu yangu, omba kibadilishwe au rudi kwenye (a).