Jupiter-12, Canon 28 au Heliar 15: ipi nichukue kwa kamera ya dijitali?

Kibaraza_cha_Kahawa
Wakuu, habari za wakati. Nataka lenzi pana ya zamani, zile za renjifainda (kamera za filamu zisizo na kioo cha kurukaruka ndani), niifunge kwenye kamera yangu ya dijitali. Nimebakiwa na tatu: Jupiter-12 ya Kisovieti (35mm f/2.8), Canon 28mm f/2.8 ya skrubu (inafungwa kwa kuzungusha nyuzi), na Voigtländer Super Wide-Heliar 15mm f/4.5, ile ya kwanza ya 1999. Napiga vichochoro vya Mji Mkongwe, milango, wazee wakicheza bao. Shemeji yuko Ujerumani na anarudi Jumamosi ijayo, akishapanda ndege basi tena. Nichukue ipi?

Jicho_Pembeni
Kamera gani, mkuu? Unatuuliza tairi, gari hulitaji.

Bi_Negativu
Chukua Canon halafu nunua na kamera ya filamu ya kuivalisha. Hizo lenzi zilitengenezwa kwa ajili ya filamu, mnazitesa tu.

Kibaraza_cha_Kahawa
Bi Negativu, shikamoo, lakini filamu nitasafishia wapi huku? Kamera ni Sony.

Jicho_Pembeni
Sony nayo ni ukoo mzima. Ina sensa kubwa au ndogo? Ya mwaka gani? Siulizi kwa ushabiki. Lenzi pana ya renjifainda haina kioo cha kurukaruka cha kukikwepa, kwa hiyo waundaji waliisogeza karibu kabisa na filamu. Mwanga unafika pembeni ukiwa umelala sana. Filamu haijali. Sensa ina kioo mbele yake, na kwa Sony nyingi unene wa kioo hicho ni kama milimita 2. Wajerumani wa kamera za Leica M wameweka cha kama 0.8, wakijua lenzi zao zilivyo. Mwanga uliolala ukipita kwenye kioo kinene unapotoka, na kona za picha zinakuwa uji. Kwa sensa za zamani unaongezewa na zambarau pembeni. Kuanzia Sony A7R II ya 2015 nyaya za sensa zilihamishiwa nyuma, rangi zikatulia sana, ila kioo ni kilekile, na uji ni uleule.

Mzee_wa_Takumar
Ndiyo maana nasema kila siku: chukua lenzi ya SLR, zile kamera zenye kioo cha kurukaruka! Super-Takumar 28mm f/3.5, au Flektogon 35 ya Jena. Zilibuniwa zikae mbali kupisha kioo cha kamera, kwa hiyo mwanga unaingia umenyooka zaidi. Kona safi, bei ya kawaida, mambo yamekwisha.

Jicho_Pembeni
Na adapta yake ndefu kama kikombe cha bomba. Mwenzetu ametaka kitu kidogo cha kutembea nacho.

Mzee_wa_Takumar
Hakusema kidogo. Alisema ya zamani.

Mnazi_Mkavu
Ngoja niwaambie yangu ya Jupiter-12, kabla shemeji hajatoa pesa.

Niliiona mtandaoni, muuzaji kaandika "inaingia Leica", picha imepigwa kwa mbele tu. Nikalipa. Wiki sita nikaipata, nikafungua kiboksi palepale nje ya posta kwa papara. Nageuza nyuma nitafute nyuzi za skrubu, hamna. Ilikuwa ya Kiev, kamera ya Kisovieti, yaani mfungo wa kamera za Contax. Zote zimeandikwa Jupiter-12, zote ni watoto wa Biogon ya Zeiss, lakini miguu tofauti. Muuzaji nikamwandikia, kimya mpaka leo.

Nikaagiza adapta ya Kiev, miezi miwili mingine. Ikafika usiku, umeme umekatika, mimi na tochi ya simu mdomoni. Kioo cha nyuma cha lenzi hiyo kimetokeza kama jicho la chura, sijui kama mmewahi kukiona. Naisukuma kwenye kamera, sensa ndogo ile ya APS-C, nazungusha taratibu. Krrr. Jamani. Niliganda hivyohivyo kama dakika nzima, sitoi wala siingizi. Mke wangu ananiuliza kuna nini, siwezi kujibu, nina tochi mdomoni.

Sensa ilipona. Kioo kilikuwa kimekwaruza fremu nyeusi iliyo mbele yake, mstari upo hadi leo. Nikajifanya mjanja, nikaweka pete ya karatasi ngumu kwenye adapta ili lenzi isogee mbele kidogo. Haikugusa tena, lakini na fokasi ya mbali ikafa: mwisho wa kuona ni ukuta wa jirani. Nikaiuza kwa hasara, na adapta nikampa bure.

Ngara_Optiki
Boss, ni mimi niliinunua 😂 Iko na Sony A7 II, ile ya sensa kubwa, haigusi popote. Na ile karatasi nilipata bado imebandikwa.

Mnazi_Mkavu
Wallahi? Picha zake zikoje?

Ngara_Optiki
Katikati iko poa sana. Pembeni zambarau kiasi. Mimi huwa napiga karatasi nyeupe kwa tundu (ile ya kupitisha mwanga, f ngapi) ileile, halafu Lightroom Classic inatumia hiyo kurekebisha picha zingine zote. Shida yangu ni ring ya tundu, iko huko ndani mbele, ukiweka filta unaisahau. Na haifokasi karibu kuliko mita moja.

Kibaraza_cha_Kahawa
Nimerudi, samahani, nilikuwa kazini. Kamera ni a6400. Kwani ina tofauti gani?

Jicho_Pembeni
Tungeanza na hilo! Hiyo ni sensa ndogo, inakata pembeni, kwa hiyo milimita za lenzi zidisha kwa moja na nusu. Jupiter ya 35 inakuwa kama 52, hiyo si pana tena. Canon ya 28 inakuwa 42. Iliyobaki pana ni Heliar tu, kama 22. Halafu faida yako ni kwamba kona mbovu zinakatwa, huzioni zote.

Mnazi_Mkavu
Na krrr yangu ilikuwa kwenye sensa ndogo kama yako. Kila kamera ina ukuta wake ndani, mwambie shemeji asinunue Jupiter hata kwa bei ya maandazi.

Bi_Negativu
Marahaba mwanangu, nimechelewa kuitikia. Heliar ninayo, naitumia kwenye filamu. Ya kwanza ile haikuunganishwa na renjifainda, unafokasi kwa kukadiria umbali na kuuweka kwa namba zilizo kwenye lenzi, lakini wewe una skrini, hilo halikuhusu. Weka f/8, fokasi mita moja na nusu, kila kitu kuanzia chini ya mita moja hadi minarani kimekaa. Ila wazee wa bao lazima uwaombe ruhusa. Kwa lenzi hiyo ukiwa mbali wanakuwa kama punje za mtama, itabidi uwaingilie hadi kwenye kete.

Mzee_wa_Takumar
Toleo la tatu la Heliar la 2015 lilichorwa upya kwa kufikiria sensa. Kama pesa ipo.

Kibaraza_cha_Kahawa
Haipo. Na hii ya kwanza muuzaji anasema ndani kuna "alama ndogo kama buibui".

Ngara_Optiki
Hiyo ni fangasi. Kimbia.

Bi_Negativu
Si lazima akimbie. Ikiwa kwenye kioo cha mbele inasafishika. Nyumbani kwangu Tanga lenzi zote zinakaa kwenye kabati lenye balbu inayowaka mchana kutwa.

Mnazi_Mkavu
Mimi natumia mchele kwenye kopo.

Ngara_Optiki
Mchele una vumbi bana. Tumia vile vifuko vya silika vinakuja na viatu.

Bi_Negativu
Vifuko hivyo vikishashiba unyevu ni mapambo. Vikaushwe kwanza.

Roli_36
Wakuu samahani kwa kudandia uzi. Nina Industar-50 ya kamera ya Zenit, nyuzi ni 39mm hizohizo za Leica, nimeifunga kwenye adapta ya Leica lakini kila kitu kiko ukungu. Ndiyo fangasi?

Jicho_Pembeni
Siyo fangasi. Nyuzi zinalingana, umbali wa kutoka mfungo wa lenzi hadi filamu haulingani. Leica ya skrubu inahitaji milimita 28.8, Zenit zaidi ya 45. Picha yako inaangukia nyuma ya sensa. Unahitaji pete ya kati.

Roli_36
Pete hiyo Kariakoo inapatikana?

Mzee_wa_Takumar
Njoo inbox, ninazo mbili.